Mkibomoa Baa, Majina Mtayaweka Wapi?

Alama ya X nyekundu imepigwa kwenye ukuta wa baa moja kongwe, katika mji mmoja wa ukanda wetu wa dhahabu kati ya Kahama na Geita. Aliyeipiga alikuwa na haraka. Rangi ilichuruzika hadi kwenye kizingiti. Mwenye baa amepewa siku 30 aondoe vitu vyake, kwa sababu hapo patajengwa fremu za maduka na maegesho ya bajaji. Siutaji mji wala halmashauri yake, maana mama mwenye baa bado anahangaikia fidia na ameniomba hivyo. Msimamo wangu nautaja mapema. Uamuzi huu ni mbaya, umefanywa na watu ambao hawakukaa hata jioni moja kuuliza ndani ya kuta zile kuna nini, na hata fidia ikilipwa yote utabaki mbaya.

Najua yanayosemwa upande wa pili. Baa huleta ulevi, ugomvi wa usiku, mabinti kuharibikiwa, maambukizi ya VVU. Halmashauri inataka mapato, na fremu ishirini zinalipa kuliko kaunta moja. Hayo yana ukweli wake. Serikali ilipopiga marufuku pombe ya viroba Machi 2017, niliunga mkono. Baraza la mazingira, NEMC, lilipofungia baa 89 za Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza Septemba 2022 kwa sababu ya kelele, sikununa. Mgonjwa na mtoto wana haki ya kulala. Lakini kelele dawa yake ni kupunguza sauti, na ulevi haukai kwenye matofali. Bomoa baa hiyo leo, jioni hiyo hiyo wanywaji watakuwa wamehamia glosari ya mtaa wa pili.

Huku kwetu hakuna ngome za mawe wala milango ya nakshi. Miji yetu ni ya reli, pamba na madini. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza kupitia Shinyanga ilikamilika mwaka 1928. Mgodi wa Geita ulichimbwa tangu miaka ya 1930 ukafungwa mwaka 1966, kabla dhahabu yake haijarudiwa upya mwaka 2000. Huko Mwadui, Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, na ndani ya uzio wake ukaota mji mzima wenye hospitali, uwanja wa ndege na kilabu ya wakubwa. Nje ya uzio, barabarani, ukakua mji wa Maganzo. Mwaka 1947 Mwadui ilitoa almasi ya waridi ya karati 54.5, Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth iwe zawadi ya harusi. Habari za jiwe lile zimeandikwa vizuri: lilikatwa likabaki karati 23.6, likawekwa kwenye bruchi, likavaliwa na malkia. Waliokuwa wakichekecha mchanga wa Mwadui siku zile, ukitaka kuwasikia itakubidi ukae Maganzo na wazee, kwenye viti vya plastiki, na uwe na subira.

Sheria nayo haitusaidii. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo linasubiri Waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Hebu angalia tarehe: reli 1928, Mwadui 1940, mgodi wa Geita miaka ya 1930. Kila kitu kilichotufanya tuwe watu wa ukanda huu kimezaliwa upande usiolindwa wa mstari huo. Kule Zanzibar, Africa House ya Shangani, iliyokuwa kilabu ya Waingereza, imesimama hadi leo ndani ya Mji Mkongwe uliotangazwa Urithi wa Dunia mwaka 2000, na watu wanakwenda pale kutazama jua likizama baharini. Sina kinyongo na hilo, ni jengo zuri. Ila Waingereza walipokunywa pamehifadhiwa, na mchimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu alipokunywa panapigwa X.

Hata hivyo, uzuri wa majengo sio hoja yangu, na baa hii si nzuri. Bati lake limeshika kutu, na sakafu ina vizibo vya bia vilivyozama kwenye saruji tangu ilipokuwa mbichi. Hoja yangu ni moja tu, na naomba msomaji anivumilie niieleze kwa kirefu.

Mji wa machimbo ni mji wa wageni. Rashi, yaani mbio za kukimbilia dhahabu mpya, ikilipuka Mgusu, Lwamgasa au Kakola, vijana wanamiminika kutoka Kigoma, Tabora, Mara na Singida, wengine wanavuka mpaka. Kijana anafika na begi moja mgongoni. Ndugu hana, na ofisi ya serikali ya mtaa hajawahi kuiona kwa macho. Duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, anapewa jina la utani siku ya kwanza: Chuma, Dogo, Msabato. Mwenye duara anamjua kwa jina hilo, wenzake wa zamu wanamjua kwa jina hilo, na mgao wake wa viroba vya mawe unaitwa kwa jina hilo. Siku atakayoandikwa jina lake la kweli, la baba yake na la kijiji chake, ni siku atakayokopa bia. Sababu ni nyepesi: anayekopesha lazima ajue atamtafuta wapi mdeni wake.

Mama mwenye baa alinionyesha. Chini ya kaunta, ndani ya kreti za bia, yamepangwa madaftari makubwa ya jalada gumu, yale tunayoyaita kaunta buku. Nilifungua moja la miaka ya tisini. Kila mstari una jina kamili, mkoa, kijiji, pengine jina la mjomba au la padri wa parokia, kisha deni: bia mbili, supu, soda ya mgeni. Aliyelipa amekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka. Ambao hawajakatwa ni wengi. Pembeni ya baadhi yao, kwa kalamu nyingine, ameandika "amefariki", tarehe, na jina la aliyekuja kuchukua mwili. Pembeni ya wengine ameandika "hajarudi".

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Machimboni msemo huu umegeuka: aliye chini anangojwa juu, na wanaomngoja hukaa kwenye mabenchi ya baa. Oktoba 2015 duara lilititia Nyangalata, huku Kahama, na wachimbaji watano wakatolewa hai Novemba, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Januari 2017 watu 15 walifukiwa mgodi wa RZ huko Geita, wakatolewa hai wote baada ya siku tatu. Agosti 2025 Nyandolwa, mkoani Shinyanga, 25 walifukiwa, na safari hiyo tulizika. Mahali popote kifusi kinaposhuka, kabla ya pampu na kabla ya winchi, swali la kwanza ni lile lile: nani yuko chini? Na kwenye machimbo yasiyo rasmi mara nyingi hakuna karatasi yoyote ya kulijibu. Simu ya kijana imeachwa ikichajiwa kaunta. Akiba yake imetunzwa kaunta. Mchango wa jeneza na nauli ya kumsafirisha unaanzia kaunta.

Tukumbuke Bulyanhulu. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa pale kupisha kampuni. Yakatokea madai kwamba kuna waliofukiwa mashimoni, serikali na kampuni wakakanusha, na ubishi ukaendelea miaka na miaka, ukavuka mipaka ya nchi. Sitaamua ubishi ule hapa. Nasema kitu kimoja kuhusu ulivyokwenda: watu walibishana juu ya idadi na juu ya mashimo, wakati kilichohitajika kwanza ni orodha ya majina. Nani alikuwepo Julai? Nani alionekana Septemba? Maswali kama hayo ndiyo yanayojibiwa na kaunta buku, kwa sababu mtu anayekunywa kwa mkopo kila Jumamosi akikosekana Jumamosi mbili, kuna mama mmoja anayejua.

Ndiyo maana siwavumilii tena wanaoniambia kuwa nalilia pombe. Ofisa mmoja nilipomweleza haya alinitazama kwa huruma akasema, "Kile ni kijiwe tu cha walevi, ndugu mwandishi." Kijiwe tu? Wewe una daftari gani la mwaka 1995 la watu waliokuja mji huu kuutajirisha? Una orodha gani ya waliokufa kwenye maduara yaliyokulipa ushuru? Leta, tulinganishe. Kama huna, basi huna haki ya kupaka X kwenye nyumba ya aliye nayo. Na neno hili "walevi" limetumika muda mrefu mno kufuta watu. Bibi Titi Mohamed alipoandikisha wanawake wa TANU mwaka 1955, wapika pombe walikuwa miongoni mwa walioitikia mwanzo, na hakuna aliyethubutu kuwaambia kuwa hawana mchango katika nchi hii.

Wengine wananiambia dunia inabadilika. Inabadilika, nami naiona. Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na nilifurahi. Biashara ya dhahabu iliyokuwa ikifanyika vyumba vya nyuma vya baa, kwa mizani ya kubahatisha na bei ya dalali, ilihamia mahali penye mwanga, na kodi ikaonekana. Lakini tulihamisha mizani tukaacha majina. Mradi wa TACTIC nao unajenga barabara, masoko na stendi katika miji 45, Geita na Kahama zikiwa miongoni mwa 12 za mwanzo. Jengeni. Hakuna mtu wa huku anayependa vumbi. Ila kati ya kupiga X na kuleta tingatinga kuna siku 30, na siku 30 zinatosha kwa vijana wawili wenye simu za kamera kupiga picha kila ukurasa wa madaftari yale, kupima chumba, na kurekodi sauti ya yule mama akieleza nani alikaa wapi. Makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, yanatunza ngoma na vigoda vya Wasukuma. Kaunta ya mninga yenye herufi za kwanza za majina zilizochongwa kwa kisu haiwezi kukosa kona pale. Migodi mikubwa inatakiwa kisheria kuandaa mpango wa uwajibikaji kwa jamii pamoja na halmashauri. Madarasa yanajengwa, zahanati zinajengwa, vizuri. Mwaka mmoja tu, fungu dogo kabisa lingetosha kwa kazi hii, na aliyetakiwa kuliomba ni yule yule mwenye ndoo ya rangi nyekundu.

Nilirudi pale wiki iliyopita. Kreti zimeanza kuhamishiwa nyumbani kwa mama, chumbani, kwa kuwa sebuleni panavuja. Nilimkuta na kijana mmoja aliyetoka Kasulu. Baba yake aliondoka mwaka 1995 kuja upande wa Kahama, na habari zake zikakatika. Kijana amezunguka machimbo matatu akiuliza, mpaka mtu akamwelekeza kwa huyu mama.

"Shikamoo mama, nisaidie kuangalia."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Kijiji gani?"

Alifungua madaftari mawili bila mafanikio. La tatu akapitisha kidole polepole, akasimama katikati ya ukurasa. Jina lilikuwepo, na la babu, na kijiji. Bia mbili, hazijakatwa. Kijana alipiga picha ukurasa ule kwa simu, mara nne, mkono ukimtetemeka. Kisha akauliza kama mwandiko ule ni wa baba yake.

"Hapana, ni wangu," mama akamwambia. "Baba yako hakujua kuandika. Alisimama hapo ulipo, akanitajia."