Kasoro za NASA, Foleni ya Kakamega

Ukikutana na mtafiti wa ubora wa programu hapa Kakamega, muulize kwanza: data yako imetoka wapi? Fani hii ina mazoea yake. Tafiti nyingi za kutabiri kasoro, kote duniani, zimetafuna data zile zile za NASA: CM1, KC1. CM1 ni programu ya chombo cha angani! Sasa hiyo inatuhusu nini?

Huku chini, Oktoba 1, 2024, SHA ilichukua nafasi ya NHIF, na wagonjwa wakaambiwa wangoje, sistimu imelala. Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa, huduma zikakwama. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliagiza seva za IEBC zikaguliwe. IEBC haikutii ipasavyo. Kasoro zetu ndizo hizo, na programu zenyewe hatuonyeshwi. (Siri ya nani, na tuliolipa ni sisi?)

Serikali ndiyo ya kulaumiwa kwanza. Lakini maprofesa wasijifiche nyuma yake, kwa sababu foleni haijafichwa. Keti na karani wa hospitali wiki mbili, andika kila saa sistimu inapolala na kila mgonjwa anayerudishwa nyumbani. Hiyo ni data, bwana. Na mwanafunzi wa Masinde Muliro anaifikia kwa bodaboda.