Ukubwa wa Kioo na Wingi wa Nukta



Mwezi uliopita mzee mmoja, jirani yetu hapa Mpanda, alitujia baada ya sala ya Alasiri akatwambia kuwa amekusudia kuuza magunia matano ya mahindi katika akiba ya nyumba yake. Tulishangaa, maana mavuno yalikuwa bado mbali, na nyumba ile ina watoto wengi. Tulipomwuliza sababu, alijibu kuwa ni kompyuta ya mwanawe.

Kijana huyo ana chumba kidogo huko Makanyagio, ambapo vijana wenziwe hulipa wakacheza mpira wa kompyuta, ule mchezo ulioitwa FIFA na ambao tangu mwaka 2023 waitwa EA Sports FC. Hapo kwanza alikuwa na kioo cha inchi 24, na mchezo ukienda vizuri. Kisha akanunua runinga ya inchi 50 ili wateja wapate kuona vyema. Tangu siku ile wachezaji wakawa wanakwamakwama uwanjani, na wateja wakaanza kuhama. Fundi mmoja akamwambia kuwa kompyuta imeshindwa na ukubwa wa kioo, na kwamba hapana dawa ila kununua kompyuta mpya.

Nasi, kwa kusema kweli, tulidhani vivyo hivyo, hata tukamshauri mzee airudishe runinga dukani. Usiku tulijilaumu, kwani tulikuwa tumetoa shauri katika jambo tusilolijua. Asubuhi tulimwomba asubiri siku tatu, tukaenda kuuliza kwa wajuao. Tuliyoyapata ndiyo haya.

Picha ya kompyuta hufanywa kwa nukta ndogo ndogo, ziitwazo pikseli, zilizopangwa safu kwa safu. Ndani ya kompyuta mna chombo cha kuchora picha, nacho hulazimika kuipa kila nukta rangi yake, kisha kuanza upya, yapata mara 60 katika kila sekunde, ili jicho lione mwendo usiokatika. Kazi ikizidi nguvu zake, huchora mara 20 tu au chini yake, na hapo ndipo mchezo unapokwama.

Basi mzigo wa chombo hicho ni hesabu ya nukta, wala si inchi za kioo. Tupige mfano wa chuoni kwetu. Mwanafunzi akiandika herufi mia ubaoni, au akiandika herufi hizo hizo katika daftari, hesabu yake ni mia tu. Zile za ubaoni ni kubwa, lakini hazikuongezeka. Walakini akiambiwa aandike herufi mia nne, kazi imezidi mara nne, hata kama daftari ni dogo.

Kioo cha kwanza cha kijana kilikuwa na nukta 1920 kwa kulala na 1080 kwa kusimama. Zidisha, utapata 2,073,600. Runinga yake mpya ni ya aina iitwayo 4K, yenye nukta 3840 kwa 2160, yaani 8,294,400. Ni mara nne kamili! Kompyuta ilipounganishwa nayo ilifuata hesabu ya runinga, ikajitwika mzigo wa kompyuta nne.

Siku ya tatu tulikwenda pamoja na mzee. Kijana akafungua mipangilio ya mchezo, na pale palipoandikwa 3840 x 2160 akachagua 1920 x 1080. Mchezo ukaenda kama zamani, juu ya runinga ile ile, wala haikutoka hata shilingi moja. Ni kweli kwamba picha ilipungua ukali kidogo, kwa kuwa nukta chache zimetandazwa mahali papana. Lakini mchezaji aketiye hatua chache nyuma hasumbuki nalo.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, ukipunguza nukta hata kufikia 1280 x 720, ambazo ni 921,600, na mchezo ungali wakwama, basi yaelekea ila haimo katika wingi wa nukta. Itafute katika prosesa, au katika uchache wa kumbukumbu, au katika vumbi lililoziba feni hata kompyuta ikapata joto. La pili, ikiwa picha yaenda vizuri bali amri yachelewa, ukabonyeza kitufe na mchezaji akapiga mpira baadaye, itazame runinga yenyewe. Runinga nyingi huitengeneza picha kabla ya kuionyesha, na hilo huleta ucheleweshaji. Lakini nyingi katika hizo zina mpangilio maalumu wa michezo uupunguzao.

Mzee amebaki na mahindi yake, na kijana amemwomba babaye radhi. Enyi vijana, kabla hamjamwambia mzazi auze kitu cha nyumbani, jaribuni kwanza lile lisilo gharama, mpate kujua ila iko wapi. Nasi wazazi na walimu tusione haya kusema kuwa hatujui. Laiti mzee yule angalitusikiliza siku ya kwanza, runinga ingalirudi dukani bure, na kijana angalipoteza biashara yake kwa ujinga wetu.