Dawa ya Kupunguza Uvimbe: Uvimbe Gani Hasa?

Wasee, leo sijakuja kuchekesha. Leo ni stori ya neno moja lililotugharimu sana kwetu nyumbani. Neno lenyewe ni uvimbe.

Mjomba wangu alianza na kichwa kuuma kila asubuhi. Kisha mkono wa kulia ukawa mzito na maneno yakaanza kumpotea. Skani na vipimo vikaonyesha saratani ya ubongo, ile kali inayoitwa glioblastoma. Akaanzishiwa deksamethasoni, tukaambiwa ni dawa ya kupunguza uvimbe. Jo, siku ya tatu mzee anakula chapati nne na anauliza nani alishinda mechi. Grupu ya familia ikawaka: “Uvimbe unaisha! Mungu ni mwema!” Pesa za mchango wa matibabu ya miale tukasema zikae kwanza. Mbona umchome mtu anayepona?

Shida ni kwamba kwa Kiswahili, saratani kwenye ubongo tunaiita uvimbe, na ubongo ukifura pia tunasema uvimbe. Neno moja, vitu viwili tofauti kabisa. Saratani ikikua, mishipa midogo ya damu iliyo karibu nayo huanza kuvuja maji. Ubongo unafura, na fuvu ni mfupa, halipanuki. Hapo ndipo kichwa kinauma na mkono unalegea. Deksamethasoni hupunguza huko kuvuja, na inafanya kazi haraka. Hata hamu ya chakula inaongeza. Lakini saratani yenyewe inabaki palepale, inaendelea kukua.

Sisi tulisherehekea kwa wiki sita. Kisha maumivu yakarudi.

Mjomba hayuko tena. Sitawadanganya ati zile wiki sita zingemponya. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2005, nusu ya waliopata miale pekee walikuwa wamefariki kufikia miezi 12.1. Walioongezewa kemo ya temozolomidi, nusu walifika miezi 14.6. Tofauti ni miezi miwili na nusu tu. Lakini mtu akibakisha mwaka mmoja, wiki sita si kitu kidogo. Zilikuwa zake, na sisi tulizitumia kungoja.

Sasa nisikize vizuri, kwa sababu kuna wale watatoka hapa wakisema “dexa inaua.” Hapana. Ni kweli kuna utafiti wa mwaka 2016 uliochunguza makundi matatu ya wagonjwa wa glioblastoma, na waliokuwa kwa dawa za aina hii wakati wa miale waliishi muda mfupi zaidi. Lakini fikiria kidogo: nani hupewa dexa nyingi? Ni yule ambaye tayari yuko vibaya. Watafiti walijaribu kulihesabu hilo, wakapima hata kwa panya, na bado wasiwasi ukabaki. Ndiyo maana siku hizi madaktari hulenga dozi ndogo inayotosha, kwa muda mfupi iwezekanavyo. Isitoshe, dawa hiyo ikikaa sana mwilini sukari hupanda, misuli hulegea na maambukizi hupata njia.

Hiyo si ruhusa ya kuitupa. Mwili ukizoea dexa huacha kutengeneza homoni yake ya aina hiyo. Ukiikata ghafla, mtu anaweza kuzimia, hata kufa. Hupunguzwa pole pole, na daktari.

Na wale wa “basi mpe Brufen, nayo si inapunguza uvimbe?” Tena lile neno! Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini hazijathibitishwa kurefusha maisha ya mgonjwa wa glioblastoma. Ukizichanganya na dexa, hatari ya vidonda vya tumbo na kutokwa damu inapanda. Usimnunulie mgonjwa kwa kemisti ati unasaidia.

Maoni yangu ni haya: kujisikia nafuu na kuishi zaidi si kitu kimoja, na mgonjwa anastahili vyote viwili. Dexa ilimrudishia mjomba sauti yake kwa muda, na naishukuru. Kosa letu lilikuwa kudhani imemaliza kazi ambayo haikuwa yake.

Kwa hivyo kama kuna mgonjwa kwenu, wewe uliye na simu na bando ndiwe utatumwa kuuliza. Uliza hivi: Daktari, hii dawa inapunguza kufura ama inapunguza saratani? Dozi itaanza kushuka lini? Na matibabu ya saratani yenyewe yanaanza siku gani? Andika majibu, uyaweke kwa grupu kabla ya mtu yeyote kuandika “uvimbe unaisha.”

Sisi hatukuuliza. Wewe uliza.