Pombe ya asali Ukambani: Sheria itenganishe mgema na muuaji

MAKUMI ya watu walipoaga dunia Mei 2014 baada ya kunywa pombe iliyotiwa kemikali katika kaunti za Embu, Kiambu, Kitui, Makueni na kwingineko, lawama ziliwaangukia wagema wote kwa pamoja. Mzee aliyeandaa kibuyu cha pombe ya asali kwa ajili ya mahari ya bintiye aliwekwa kapu moja na mfanyabiashara aliyeuza sumu kwenye chupa.

Kosa hilo limekuwa likirudiwa kila maafa yanapotokea. Maadamu sheria haitofautishi vileo hivyo viwili, itaendelea kumkamata asiyekuwa na hatia huku mhalifu akihamia kijiji kingine.

Pombe ya asali, ambayo Wakamba huiita uki au kaluvu, ina historia ndefu katika maeneo hayo makavu. Mvua zinaponyesha na migunga kuchanua, nyuki hujaza mizinga ya magogo inayoning'inizwa mitini. Asali huchanganywa na maji, kisha hutiwa matunda makavu ya mvungunya, mti ambao Wakamba huuita muatini na majirani wao Wakikuyu muratina.

Matunda hayo hupasuliwa, huanikwa juani na kuloweshwa hadi yakashika hamira. Ndiyo inayogeuza utamu wa asali kuwa kileo katika siku chache, chombo kikiwa kimewekwa mahali penye joto. Siku hizi wengi hutumia maji ya miwa au sukari ya dukani badala ya asali, kwa kuwa asali ni ghali.

Hata hivyo, kinywaji hicho kina udhaifu mmoja. Hamira haikomi kufanya kazi, hivyo utamu hupungua kila uchao na hatimaye pombe huchacha. Haiwezi kuwekwa hadi mwakani, wala kusafirishwa mbali.

Ureno ilikumbana na tatizo kama hilo karne kadhaa zilizopita, na mvinyo wake mwekundu mtamu wa bonde la mto Douro, unaojulikana kama port, ulipata dawa yake. Maji ya zabibu huachwa yachachuke kwa siku mbili au tatu tu, kisha hutiwa pombe kali ya zabibu yenye kileo cha takriban asilimia 77, sehemu moja kwa sehemu nne hivi. Hamira hufa, nusu ya sukari husalia, na kinywaji hufikia kati ya asilimia 19 na 22.

Mvinyo wa miaka bora zaidi hutiwa kwenye chupa baada ya miaka miwili hivi ya kukaa katika mapipa, na huweza kuhifadhiwa humo kwa miongo kadhaa. Watengenezaji hawatangazi kila mwaka kuwa bora. Kwa kawaida ni takriban mara tatu katika miaka 10. Mfugaji nyuki wa Mwingi au Kibwezi angelielewa hilo bila kufafanuliwa, kwani naye anajua kwamba asali ya mwaka wa mvua si sawa na ya mwaka wa kiangazi.

Lililo muhimu zaidi kwa Kenya ni kwamba mvinyo huo pia uliwahi kuharibiwa na walaghai. Katika karne ya 18 baadhi ya wafanyabiashara waliuongeza rangi kwa matunda ya mwituni na utamu kwa sukari, hadi wanunuzi wa Uingereza wakaanza kuukimbia. Mwaka wa 1756 serikali ya Ureno, chini ya Marquês de Pombal, iliunda kampuni ya kuusimamia, ikaweka mipaka ya eneo linaloruhusiwa kuutengeneza, na kuamuru miti ya matunda hayo ing'olewe. Haikupiga marufuku mvinyo wenyewe.

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mlaghai wa zama hizi hatii maji bali methanoli, kemikali ya viwandani ambayo mwilini hugeuka kuwa asidi inayopofusha na kuua. Ndiyo iliyoangamiza watu wapatao 50 katika eneo la Machakos mwaka wa 2005. Sumu hiyo haitokani na asali wala mvungunya; hununuliwa na kuongezwa kwa siri ili pombe ilevye haraka kwa gharama ndogo.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, iliyoasisiwa na aliyekuwa mbunge wa Naivasha John Mututho, iliondoa marufuku ya chang'aa na kuruhusu itengenezwe kwa leseni na kwa viwango vya ubora. Katiba ya mwaka huo nayo ilizipa kaunti jukumu la kutoa leseni za vileo. Lakini masharti ya kiwanda hayamfai mama mwenye vibuyu viwili, naye hubakia gizani, mahali ambapo hakuna anayepima kilichomo.

Si kwamba pombe ya asali haina madhara. Hulevya, na familia nyingi zimeumizwa na ulevi wa kila aina. Lakini kaunti za Kitui na Makueni zikishirikiana na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) zinaweza kuwa na leseni nafuu kwa vyama vya wafugaji nyuki, vipimo vya methanoli mashinani, na alama inayoonyesha asali ilikotoka na mwaka iliorinwa.

Polisi na machifu wangesaliwa na kazi moja iliyo wazi: kumsaka anayeuza methanoli. Huyo ndiye aliyewaacha mayatima mwaka wa 2014, si mzee mwenye kibuyu.