Nani anahesabu ndege wa Bunda?

Hivi kwa nini Mtanzania akisimama kando ya matete na darubini mkononi, watu wanamdhania mpelelezi, mtafuta madini au mtu aliyechanganyikiwa, lakini mzungu akifanya vile vile wanasema tu, "mtalii huyo", halafu wanaendelea na shughuli zao?

Swali hili hunijia kila nikipita Nyasura, pale Bunda. Juzi nilimwambia jamaa mmoja wa bodaboda kwamba naelekea ziwani kuangalia ndege. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Kaka, si ungeenda Musoma? Kiwanja kiko kule." Tulicheka wote. Nilipomweleza kwamba nasema ndege wa manyoya, akacheka zaidi. Hakukuwa na ubaya wowote, na kusema kweli swali lake lilikuwa la maana kuliko la kwangu. Ndege ya chuma ina ratiba na nauli, na ukiiangalia unajua unaangalia nini. Ndege wa manyoya kwetu ni "ndege" tu, basi.

Na hapo ndipo ninapotaka tuanzie. Fungua gazeti lolote la Kiswahili usome habari za hifadhi. Simba ni simba, tembo ni tembo, nyumbu ni nyumbu. Zikifika kwa viumbe wenye mabawa habari zinaishia na "pamoja na ndege wa aina mbalimbali". Aina mbalimbali! Tanzania ina zaidi ya spishi 1,100 za ndege, Serengeti peke yake zaidi ya 500, na wote wanaingizwa kwenye maneno machache. Ni kama kuandika kwamba Bungeni walikuwepo Spika, Waziri Mkuu na binadamu wa aina mbalimbali.

Sasa tazama Nyasura ilipo. Ukishuka na barabara ya Mwanza unakutana na geti la Ndabaka, mahali ambapo mkono wa magharibi wa Serengeti unakaribia kuligusa Ziwa Victoria. Ukielekea magharibi unafika kwenye ghuba ya Speke, kwenye mialo ambako dagaa wanaanikwa na yangeyange wanatembea katikati ya akina mama bila hofu. Ukipanda kaskazini kupita Musoma kwenda Tarime, unavuka daraja la Kirumi, na chini yake kuna mafunjo ya Mto Mara yanayokwenda hadi macho yanachoka. Mbuga, ziwa na kinamasi, vyote ndani ya mwendo wa siku moja kwa usafiri wa kawaida. Kuna watu wanavuka bahari na kulipa maelfu ya dola ili waone hivyo vitu vitatu.

Wenzetu wa Ulaya hushika darubini wakati wa kiangazi chao, kati ya Juni na Agosti. Baridi ikianza kuuma, ndege wao wengi wanaondoka. Wanaondoka kwenda wapi? Huku! Kuanzia Oktoba hadi Machi au Aprili, yule mbayuwayu unayemwona amejipanga na wenzake kwenye nyaya za umeme anaweza kuwa alizaliwa kwenye zizi la ng'ombe Ujerumani au Poland. Ana uzito wa gramu 20 hivi, na baadhi yao wanaendelea hadi Afrika Kusini, safari ya kama kilomita 10,000. Vitwitwi wanaokimbiakimbia kwenye matope ya ziwa, baadhi yao wametaga mayai kule juu kabisa, Siberia. Hawa viumbe wana viangazi viwili kwa mwaka. Kimoja wenzetu wanakisubiri kwa hamu na kukiandika kwenye madaftari. Kingine, cha kwetu, kinapita hivi hivi.

Wapo pia wasiosafiri, ambao ni wa hapa hapa. Yuko kasuku mdogo wa kijani, kichwa na kifua vina rangi ya chungwa, mdomo mwekundu. Wazungu wanamwita kwa jina la Fischer, mpelelezi Mjerumani wa karne ya 19. Kwa asili, kwao ni Tanzania ya kaskazini, kusini na kusini mashariki ya Ziwa Victoria. Miaka ya 1980 walikamatwa kwa wingi mno na kusafirishwa nje, wakauzwa kwenye maduka ya wanyama wa kufuga Ulaya na Marekani. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai. Lakini fikiria: leo kuna mtoto Ufaransa anamjua ndege huyu kwa sura, sauti na chakula anachopenda, na kuna mhitimu wa chuo kikuu aliyezaliwa kanda ya ziwa ambaye hajawahi kumsikia.

Yuko na mwingine mweusi mwenye kifua chekundu cha kuwaka na utosi wa njano, anayeishi kwenye mafunjo tu. Ukifyeka au kuchoma mafunjo, umemfukuza, maana hana pengine pa kwenda. Kwa upande wa Tanzania, mafunjo ya Mto Mara ni sehemu mojawapo anayopatikana. Wazee wa Kijita, Kiikizu na Kisukuma wana majina ya ndege wengi kuliko kamusi zetu. Sisi vijana tumebaki na "kale kadege".

Najua unachotaka kusema. "Kaka, watu wana njaa, ajira hakuna, wewe unatuletea habari za ndege?" Sawa. Hoja hiyo naiheshimu, kwa hiyo tuijibu vizuri.

Kwanza, hata Mwalimu, ambaye Butiama yake iko jirani tu na hapa, ananukuliwa akieleza kwamba yeye binafsi hakuwa na hamu ya kumaliza likizo akitazama mamba. Lakini ni yeye huyo huyo aliyetoa tamko la Arusha la Septemba 1961 la kulinda wanyamapori, kwa sababu aliona wana maana kwa maisha ya watu. Si lazima uwapende ndege. Unaweza kuwahitaji tu.

Pili, nenda Uganda uone Mabamba, kinamasi cha Ziwa Victoria hili hili, jirani na Entebbe. Pale anaishi korongo nyangumi, yule mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu. Chakula chake kikubwa ni kamongo, samaki ambaye watu wa Mara wanamfahamu fika. Zamani wavuvi wa kule walimwona kuwa ni nuksi: ukimwona asubuhi, siku hiyo hupati kitu. Wakawa wanamfukuza na hata kumuua. Leo baadhi ya wavuvi hao ndio waongozaji wa wageni. Wana mitumbwi, wanajua vichochoro vya kwenye mafunjo, na mgeni analipa ili apelekwe kumwona yule yule mwenye nuksi. Mabamba imo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa tangu 2006.

Tanzania tunayo maeneo manne kwenye orodha hiyo: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero na Rufiji-Mafia-Kilwa. Yote yaliingia kati ya 2000 na 2004. Kinamasi cha Mto Mara hakimo.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Mnakumbuka Machi 2022? Maji ya Mto Mara yaligeuka meusi, samaki wakaelea wamekufa, watu wa vijiji vya kandokando wakakatazwa kuyatumia. Wananchi wengi walishuku migodi. Kamati iliyoundwa na serikali ikaja na jibu kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza kwenye kinamasi. Nchi nzima ikabishana, wengine wakatania, wengine wakakasirika. Halafu? Halafu mada ikaisha kama zinavyoisha mada zetu zote.

Sisemi hapa nani alikuwa mkweli. Ninachosema ni kwamba katika ubishi ule, mwananchi wa kawaida alikuwa na macho na pua yake tu. Hakuwa na daftari. Sasa chukulia pangekuwa na vijana ishirini wa Musoma, Bunda na Tarime ambao kila mwezi, miaka mitano mfululizo, wanasimama sehemu zile zile na kuhesabu minandi, wadiria, furukombe na kulasitara. Hawa wote wanaishi kwa kula samaki. Samaki wakipungua au maji yakiharibika, ndege ni miongoni mwa wa kwanza kuhama. Daftari kama hilo lisingetaja mkosaji, maana ndege hawapimi kemikali. Lakini lingeonyesha mabadiliko yalianza lini, sehemu gani, na kama ilikuwa ghafla au pole pole. Ukiwa na tarehe unaweza kumuuliza mkubwa swali ambalo halijibiki kwa hotuba. Sisi wa magazeti tunajua thamani ya kitu hicho.

Nne, kuna mkulima. Usimwambie mkulima wa mtama habari za uzuri wa ndege, atakufukuza na manati. Kwelea kwelea mmoja anakula kama gramu 10 za mbegu kwa siku. Piga hesabu kundi la milioni moja: ni tani 10 kwa siku. Serikali hutumia ndege, zile za chuma, kunyunyizia sumu, na sumu haichagui. Inaua na mwewe, na bundi anayekula panya shambani. Mtu anayejua ndege ndiye anayeweza kumwambia bwana kilimo mapema kwamba kwelea kwelea wameanza kuota viota mahali fulani, kabla kundi halijakuwa wingu. Kumjua adui nako ni kuangalia ndege.

Halafu kuna suala la haki. Watu wa Bunda wanalala macho wakifukuza tembo mashambani. Kata ya Nyatwali imetakiwa kuhama ili eneo liungwe na hifadhi ya Serengeti na wanyama wafike ziwani. Mwaka 2024 wakazi walikuwa wakilipwa fidia. Sitaki kuingia leo kwenye mjadala wa fidia, una mengi. Lakini ni haki gani hii, ambapo mwenyeji anatoa ardhi, usingizi na mazao, halafu kufurahia kilichopo kunabaki kwa mgeni? Kiingilio cha Mtanzania hifadhini si kikubwa sana, ila ukishaingia unahitaji gari, na hapo ndipo kijana wa Nyasura anapoishia. Uzuri wa ndege ni kwamba hawana geti. Mwaloni hakuna tiketi, na hata kando ya barabara ya lami wapo.

Na msidhani nawasema watu wa Mara tu. Nyie wa Dar, mnapokwama kwenye foleni ya Salenda maji yakiwa yametoka, tazameni kwenye tope na mikoko. Wale wenye midomo mirefu iliyopinda ni sululu, na wamesafiri kuliko abiria wote wa daladala lenu. Ndege anayejulikana Dar ni kunguru mweusi peke yake, naye ni wa kuja. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, akavuka, na sasa anakula makinda ya wenyeji.

Mambo haya yanawezekana. Nairobi, tangu 1971, kila Jumatano asubuhi kuna watu wanakutana Makumbusho ya Taifa na kwenda kuangalia ndege. Aliyeanzisha ni Fleur Ng'weno, mke wa marehemu Hilary Ng'weno, mwandishi aliyeanzisha Weekly Review. Kutoka kwenye matembezi hayo wametoka vijana wa Kikenya ambao leo wanaishi kwa kazi hiyo. Walianza bila mradi wala wafadhili. Walianza na Jumatano.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Shule za sekondari za Bunda, Musoma na Butiama zenye klabu za Malihai zichague kila moja sehemu moja tu, bwawa au mwalo au kipande cha mafunjo, na kuhesabu mara moja kwa mwezi. Jumamosi ya pili ya Oktoba ni Siku ya Ndege Wahamao Duniani, siku nzuri ya kuanza. Kila Januari kuna sensa ya ndege wa majini barani Afrika, imekuwepo tangu 1991, na hesabu za Ghuba ya Speke zingepata pa kwenda. Wenye simu za kisasa, mtandao wa eBird unapokea taarifa za mtu yeyote bila malipo. Wasio na simu, daftari la mistari na kalamu vinatosha. Darubini moja inaweza kutumiwa na watu kumi kwa zamu.

Na wazee waulizwe majina. Hilo lifanyike mapema, kwa sababu mafunjo yakichomwa huota tena, lakini mzee akiondoka na majina yake ndiyo basi.

Mimi nitakuwa mwaloni Jumamosi hiyo ya Oktoba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Anayetaka kuja na aje. Anayetaka kucheka naye aje, ila aje na kalamu.