Kobe 2,000 kutoka wazazi 15: Wingi pekee hautoshi

KUHITIMISHWA kwa mpango wa kuzalisha kobe wakubwa wa kisiwa cha Española, katika visiwa vya Galápagos nchini Ecuador, mwaka 2020, kulipokewa kama ushindi wa uhifadhi. Hata hivyo, ushindi huo una dosari isiyoonekana kwa macho: karibu kobe wote hao ni ndugu wa damu.

Mabaharia waliowachukua kwa ajili ya kitoweo, kisha mbuzi walioingizwa kisiwani na kumaliza malisho, walikaribia kuwaangamiza. Kati ya mwaka 1963 na 1974 walipatikana 14 tu, madume wawili na majike 12, wakahamishiwa kituo cha uzalishaji katika kisiwa cha Santa Cruz. Baadaye dume wa tatu, Diego, alirejeshwa kutoka bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani.

Kutokana na hao 15, takriban kobe 2,000 wamerudishwa Española, na sasa wanazaliana wenyewe porini.

Tatizo limo katika ukoo. Vipimo vya vinasaba vilionyesha kuwa Diego ni baba wa takriban asilimia 40 ya watoto hao, na dume mwingine takriban asilimia 60. Wa tatu hakuacha kizazi cha kutajika.

Tofauti za vinasaba ndiyo akiba ya kiumbe chochote. Ugonjwa mpya ukizuka au ukame ukizidi, kundi lenye tofauti nyingi huwa na baadhi wa kuhimili, ilhali kundi la ndugu laweza kuteketea lote. Aidha, ndugu wanapozaana, kasoro za kurithi zilizojificha hujitokeza.

Watetezi wa mpango huo wana hoja nzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa kobe hao wameongezeka licha ya uhaba huo wa vinasaba. Wenzao wa kisiwa cha Pinta hawakupata bahati hiyo: wa mwisho kujulikana, Lonesome George, alikufa mwaka 2012 bila mtoto.

Lakini kobe huweza kuishi zaidi ya miaka 100, na huchukua miongo kadhaa kukomaa. Nusu karne kwao ni kama kizazi kimoja au viwili tu, hivyo ni mapema mno kusema hatari imepita.

Suala hili linaigusa pia Zanzibar. Kobe wa kisiwa cha Changuu wanaovutia watalii wana chimbuko katika kobe wanne waliotolewa zawadi na Shelisheli mwaka 1919, ingawa wengine waliongezwa baadaye. Nafuu yao ni kwamba aina hiyo bado ni tele porini huko Aldabra.

Funzo kwa wafugaji wa wanyama adimu ni kuweka kumbukumbu za kila mzazi na kutoruhusu dume mmoja kutawala zizi. Kosa la ukoo likishaachiwa porini, halirekebishiki kwa kuongeza idadi.