Insha Zetu Zisomwe na Mafundi

Nina neno juu ya masomo ya lugha.

Kila muhula sisi wanafunzi twaandika insha. Mwalimu huzisahihisha, hutia alama, nasi huzifungia sandukuni. Hakuna mwingine azisomaye. Kwa desturi hii mtu aweza kuandika jambo asilolijua, mradi sarufi yake ni safi. Mimi ni mmoja wao. Niliandika juu ya uundaji wa mashua, nikapata alama nzuri, hali sijapata kusimama karibu na fundi.

Likizo iliyopita niliichukua insha ile mpaka ufukoni, nikamsomea mzee mmoja aundaye mashua. Alisikiliza hata mwisho, kisha akasema, "Mjukuu wangu, chombo chako kitazama. Hukukitia mkuku, hukukitia mataruma, wala hukukitia kalafati." Nilitahayari. Akanionyesha: mkuku ni uti wa mgongo wa chombo, mataruma ni mbavu zake, na kalafati ni pamba ishindiliwayo katika nyufa za mbao. Niliandika upya, nikarudi kumsomea. Safari hii alinisahihisha mahali pawili tu.

Basi nimejifunza kwamba mwalimu husahihisha lugha, lakini jambo lenyewe husahihishwa na mwenye kulijua.

Wazo hili si geni. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya kwamba shule zetu zafanya watu wadhani elimu yote yenye maana hutoka vitabuni, na hekima ya wazee ikadharauliwa. Mwaka uo huo, huko Georgia, Marekani, wanafunzi wa shule moja ya milimani walitoa toleo la kwanza la gazeti liitwalo Foxfire, wakiandika ufundi na habari walizopewa na wazee wao. Mwaka 1972 maandishi hayo yakatoka kuwa kitabu.

Wako watakaosema kuwa muda hautoshi na mtihani u karibu. Neno hili lina uzito, maana mzazi ajinyimaye ili mwanawe asome ataka kumwona akifaulu. Lakini katika fasihi simulizi twafundishwa njia za kukusanya habari: kuhoji, kushuhudia, kushiriki. Twazikariri, wala hatujamhoji mtu hata mmoja. Aliyekwisha kuhoji hahitaji kukariri.

Naomba kazi moja tu kwa muhula. Twende wawili wawili kwa wavuvi, wafinyanzi na wakunga, tuandike, turudi tuwasomee, na nakala iwekwe maktabani. Wazazi nao wasione kuwa hawana la kutufundisha kwa sababu hawakufika sekondari.

Mzee yule hana mwanagenzi hata mmoja. Siku akiondoka, neno mkuku litabaki katika kamusi, lakini nani atatuonyesha mahali pake?

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu